Mita Hairudi Nyuma

Mume wangu hakustaafu, alistaafishwa. Walimpa saa ya ukutani na cheti chenye picha ya bomba, wakampigia makofi, akarudi nyumbani na viatu vyake vya kazi mkononi. Wiki nzima iliyofuata akawa ananiandama chumba hadi chumba akiniuliza kama bomba la jikoni linavuja. Halikuwa linavuja. Maisha yake yote ya kazi alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Alizunguka mtaa kwa mtaa, akifunua vifuniko vya chuma, akipiga goti, akifuta vumbi kwa kidole gumba na kusoma tarakimu. Watu walimwita Bwana Mita sokoni, walimwita hivyo hivyo msibani, na yeye akalipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Mtu wa namna hiyo huwezi kumkalisha kwenye kochi. Asubuhi nilipotoka kwenda kazini nilimwacha pale amevaa soksi, anaangalia ukuta, na jioni nikarudi nikamkuta pale pale na soksi zile zile. Roho iliniuma. Nilimweleza binti yetu, ambaye ni mhasibu kwenye kiwanda cha magodoro na hawezi kuona mtu amekaa bure bila kumpa kazi. Jumapili akaja na kompyuta yake ya zamani, akaiweka kwenye meza ya pembeni sebuleni, na ndani yake akaweka programu ya kufuatilia uwekezaji.

Uwekezaji wenyewe ulikuwepo, msidhani natia chumvi. Tangu tuoane, kila mwisho wa mwezi mimi na yeye tulikuwa tunaweka mezani sehemu ya mshahara, kila mtu ya kwake, na zikitosha tunanunua kitu. Tulinunua hisa za kampuni ya saruji, hisa za benki, vipande vya mfuko wa pamoja, na hatifungani za serikali walipokuwa wanazitangaza redioni. Karatasi zake tuliziweka kwenye bati la biskuti chini ya kitanda, na kama ungetuuliza zina thamani gani, tungekujibu kwamba ziko salama, basi.

Binti alizitoa zote, akaziingiza moja moja. Ilipofika saa ya chai, kioo cha kompyuta kilikuwa kinaonyesha juu kabisa jumla ya vyote tulivyonavyo, kwa tarakimu nene, na chini yake mstari wa kijani uliokuwa unapanda na kushuka kufuata siku. Bei za hisa zilikuja zenyewe kwa intaneti. Sisi kazi yetu ilikuwa kuangalia tu.

Bwana Mita aliitazama ile jumla, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kumbe," akasema.

Tangu siku ile sikuziona tena soksi kwenye kochi. Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, mume wangu alivaa viatu vyake vya kazi, akafunga kamba, akatembea hatua chache kutoka chumbani hadi sebuleni na kukaa mbele ya kompyuta. Aliinama, akafuta kioo kwa kidole gumba, akasoma jumla kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwasomea wenye nyumba miaka yote. Mimi napiga mswaki, nasikia utajiri wetu unatangazwa. Nilimwambia apunguze sauti maana majirani wana masikio. Akasema masomo ya mita si siri, mwenye nyumba ana haki ya kuyasikia, na mwenye nyumba ni mimi. Hapo nilishindwa kununa, kwa sababu kwa kweli jibu hilo lilinipendeza.

Siku za mwanzo ile jumla ilikuwa inapanda. Ilipanda kidogo kidogo, lakini ilipanda, na mume wangu akawa anaosha vyombo huku anaimba. Halafu ikaja siku ya kwanza ya rangi nyekundu.

Nilikuwa kazini, kwenye duka la miwani, nimeshika lenzi mkononi, simu ikaita.

"Mama watoto," akasema, sauti ya chini kabisa, "tumeibiwa."

Nikakaa juu ya boksi la fremu. "Wamechukua nini? Televisheni?"

"Mita imerudi nyuma."

Ilinichukua muda kumwelewa, na nilipomwelewa nilitamani ningekuwa karibu nimfinye. Hisa za saruji zilikuwa zimeshuka bei kidogo, na jumla ya asubuhi ile ilikuwa pungufu ya jumla ya jana yake. Sasa, kwenye kazi ya mume wangu, mita inakwenda upande mmoja tu. Ukisoma leo ukakuta tarakimu ni ndogo kuliko za mwezi uliopita, basi ama mita imekufa, ama kuna mkono wa mtu. Alikuwa amekamata watu wengi wa namna hiyo enzi zake, waliogeuza mita kichwa chini usiku na kuirudisha asubuhi wakijidai hawajui lolote. Jibu la tatu halikuwepo. Kwa hiyo kabla ya kunipigia mimi alikuwa ameshampigia dalali wa hisa, akamwambia kwa upole, kama mtu anayempa mwizi nafasi ya kurudisha mali bila aibu, kwamba ameona kilichofanyika.

Dalali mwenyewe ni kijana mwenye adabu zake. Alimweleza kwamba bei sokoni hupanda na kushuka. Bwana Mita akamuuliza maji yaliyokwisha kupita kwenye bomba yanarudije. Kijana akakosa la kusema, na kwa mume wangu kukosa la kusema ni ushahidi tosha.

Jioni binti alimpigia baba yake simu, akamfafanulia kwa mifano mpaka salio likamwishia. Akaelewa. Lakini alielewa kwa kichwa, moyo uligoma. Tangu hapo mimi nikawa najua bei ya saruji kwa kuangalia nyumba yangu tu, bila kusogelea kompyuta. Ikiwa kijani, vyombo vimeoshwa na kuna wimbo. Ikiwa nyekundu, mtu anapita nyuma yangu anazima taa. Mume wangu hakuwahi kuwa na mkono wa birika, Mungu anajua, lakini siku za rangi nyekundu alitembea nyumbani mwake anazima hiki na kufunga kile, kana kwamba hasara inatokea kwenye balbu. Mara moja alinizimia taa nikiwa bafuni, nimejaa sabuni usoni. Nilimwambia maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Hata hivyo tuliishi vizuri. Nyumba yenye mtu anayeimba na kuzima taa ina uhai kuliko nyumba yenye mtu wa soksi. Sikuwa na neno, mpaka siku Tajiri aliponiita.

Tajiri ni mwenye duka la miwani ninakofanya kazi. Tunamwita hivyo ingawa gari lake husukumwa kila asubuhi ndipo liwake. Mimi ndiye fundi wake. Mtu akishapimwa macho na daktari analeta kile cheti, anachagua fremu pale mbele, na mimi huku nyuma nakata lenzi zimwingie. Chumba changu ni chembamba, kina dirisha moja, meza moja, na mashine ya kusaga lenzi ambayo ni nzee lakini haijawahi kuniangusha. Ndani ya kile chumba mimi ni mtu mwingine. Huku nje nina kelele na hasira za karibu, hilo nimeambiwa na wengi. Mle ndani natulia.

"Fundi," Tajiri akasema, "watoto wananitaka huko waliko. Wamesema nimezeeka peke yangu, inatosha. Nafunga."

Nikamwambia hongera.

"Muuza simu wa pale kona anakitaka chumba. Nimemwambia asubiri. Mashine, fremu na kila kilichomo nakuuzia wewe kwanza, kwa bei ya udugu, na mwenye nyumba nitamwambia akuandikie wewe mkataba. Lakini mwisho wa mwezi mimi naondoka. Usipokuwa tayari, itabidi nimpe yeye, na mashine itakwenda kwa atakayetokea."

Nilirudi kwenye meza yangu nikakaa. Nilijua fika nikikosa chumba kile, hakuna duka litakaloajiri fundi wa umri wangu. Wanataka wasichana wenye kucha nzuri. Lakini sitaki kudanganya kwamba niliogopa njaa. Njaa isingekuja, tulikuwa na akiba. Nilikitaka kile chumba, nilitaka kiwe changu. Sijawahi kutaka kitu namna ile tangu nilipotaka kuolewa, na hata kuolewa nilikutaka kwa utulivu zaidi.

Na pesa zilikuwepo. Hisa za saruji peke yake, tukiziuza karibu zote, zingetosha mashine, fremu na kodi ya mwanzo.

Sikukurupuka. Nilisubiri siku ya kijani. Jioni moja nilirudi nikasikia wimbo kutoka jikoni, nikajua leo ndiyo leo. Nikavua viatu, nikashika kitambaa, nikasimama pembeni yake, naye anaosha, mimi nafuta. Nikamweleza yote, tangu watoto wa Tajiri hadi muuza simu.

Aliacha kuimba mahali fulani katikati.

"Hisa za saruji," akasema.

"Za saruji."

"Zote?"

"Zitabaki chache."

Akajifuta mikono, akaenda sebuleni, nikamfuata. Akafungua programu, akaweka kidole kwenye ncha ya mstari, pale ulipofika siku ile. "Tuko hapa. Ukitoa hizo, tunakwenda hivi." Kidole kikateremka kwenye kioo, kikapita ukingo wa kompyuta, kikaishia mezani. "Mita hairudi nyuma, mama watoto."

"Si mita. Ni pesa zetu. Na nusu yake nimeikata mimi kwa mikono hii, lenzi moja moja."

"Najua. Ndiyo maana nazilinda."

"Unazilinda na nani? Na mimi?"

Akafunga programu. Angeishia hapo tungelala vizuri. Lakini baada ya muda akasema, bila kuniangalia, "Biashara mpya inaweza kufa."

Hakusema kwamba haniamini. Lakini mimi nilisikia hivyo, na nikisikia kitu nimekisikia. Kiliniingia moyoni kama kibanzi. Miaka yote hii mwanamume huyu amevaa miwani niliyomkatia mimi, amesoma mita za watu kwa lenzi zangu, halafu akiambiwa niwe na duka, anaona maiti. Nilikwenda kulala bila kumwambia usiku mwema.

Nilinuna, na ninaponuna mimi, nyumba nzima inajua. Alinichemshia chai asubuhi, nikanywa, sikusema asante. Akasoma jumla kwa sauti ya chini, peke yake, mimi mwenye nyumba nikajidai naswaki kwa nguvu. Siku zikaanza kwenda. Kazini Tajiri hakuniuliza kitu, lakini niliona ameanza kufunga vikombe vyake kwenye magazeti, na muuza simu alipita mara mbili akipima mlango kwa macho. Nilikuwa na hamu ya kulia, nikakasirika badala yake, ndiyo kawaida yangu.

Jumapili binti akaja. Hakuvuka hata kizingiti akauliza, "Nani kafa humu?"

Nilimvuta jikoni nikamweleza. Alisikiliza huku anakula karanga zangu, halafu akasema, "Mama, baba anadhani pesa ikitoka kwenye hisa imemwagika. Hakuna aliyemwambia kwamba inahama chumba tu."

"Mwambie wewe. Mimi sina maneno naye."

Akaenda kukaa karibu na baba yake mbele ya kompyuta. Mimi nikabaki mlangoni na kitambaa mkononi, najidai sisikilizi.

"Baba, kitufe hiki unakijua?"

"Sijawahi kukibonyeza."

"Kinasema 'ongeza mali'. Si lazima iwe hisa. Watu wanaandika mashamba humu, wanaandika nyumba, wanaandika biashara. Ukiuza saruji ukanunua duka la mama, unaliandika hapa. Kule panapungua, hapa panaongezeka, ile jumla ya juu inarudi pale pale."

Bwana Mita aliangalia kitufe kwa jicho la mkaguzi. "Na bei ya duka inakuja na intaneti?"

"Hapana. Hiyo haiji yenyewe."

"Sasa nitaijuaje?"

"Mtu anakwenda," binti akasema. "Anakwenda mpaka dukani, anaangalia mashine iko hali gani, anaangalia fremu zimebaki ngapi, kimeuzwa nini. Akirudi anakuja kuandika hapa kwa mkono wake. Kila mwisho wa mwezi."

Nilimwona mume wangu mgongo unanyooka, taratibu, pingili baada ya pingili.

"Inasomwa pale pale ilipo," akasema.

"Pale pale."

"Kwa miguu."

"Au panda basi, baba, upendavyo."

"Kwa miguu," akasema tena, na hilo halikuwa swali.

Nilirudi jikoni nikaanza kupanga sufuria kwa kishindo. Nilifurahi na nilikasirika kwa pamoja, na siwezi kusema kipi kilizidi. Siku zote hizo nimemwambia habari ya maisha yangu, akatikisa kichwa. Leo ameambiwa atapata kitu cha kwenda kusoma, uso wote umewaka. Binti alikuja kunichungulia, akaona nilivyo, akachukua karanga zilizobaki, akaondoka zake. Mtoto mwenye akili.

Lakini mume wangu alikuwa bado hajakubali. Usiku, taa imezimwa, akasema kwenye giza, "Lazima nikakague kwanza."

"Kakague," nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake kwa siku kadhaa.

Alikuja dukani kesho yake, na viatu vya kazi, na tochi kwenye mfuko wa shati. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kupita kaunta; miwani yake nilikuwa namletea nyumbani. Alimsalimia Tajiri, akaingia chumbani kwangu, akatazama huku na huku kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya ugenini, halafu akapiga goti mbele ya mashine. Akafuta vumbi kwenye kibati cha nyuma kwa kidole gumba, akasoma namba iliyochongwa pale.

"Ilinunuliwa ikiwa mpya?" akamuuliza Tajiri.

"Mpya kabisa."

"Imetengenezwa mara ngapi?"

"Muulize fundi. Mimi naiogopa."

Nikamjibu mimi. Aliuliza mengine mengi, na mimi nikajibu kwa ufupi, kwa sababu kibanzi kilikuwa bado hakijatoka. Ndipo akaona mrija. Mashine ya kusaga lenzi hutumia maji. Bila maji lenzi inapata moto na kupasuka. Mume wangu aliufuata ule mrija kwa tochi mpaka chini ya meza, akakuta kopo.

"Hili kopo la nini?"

Mimi na Tajiri tukaangaliana. Lilikuwa pale muda mrefu kiasi kwamba tulikuwa tumesahau linakinga nini. Bwana Mita akaingia chini ya meza mzima mzima, miguu ikabaki nje, tukasikia anaguna. Aliomba kisu, akakata ncha ya mrija iliyochoka, akaurudishia na kuukaza. Alipotoka alikuwa na utando wa buibui kichwani na uso wa mtu aliyekula akashiba.

Hapo hapo akaingia kinyozi wa jirani, mbio, ameshika miwani yake yenye lenzi moja. Nyingine ilikuwa imepasuka. Mteja wake alikuwa ameikalia.

"Nisaidie, fundi. Nimemwacha mtu kwenye kiti ana upande mmoja."

Nilitafuta lenzi ya namba yake nikaweka alama ya wino pale katikati ya jicho linapotazama. Nikaifunga kwenye kishikio, nikawasha mashine, maji yakaanza kutiririka safi. Nikaisogeza kwenye jiwe. Nikishaanza hivyo huwa sioni mtu. Nilimsahau kinyozi, nikamsahau na mume wangu nyuma ya bega langu. Jiwe linaanza kwa mlio mpana, na kadiri lenzi inavyokaribia umbo la fremu mlio unakuwa mwembamba. Nikaitoa, nikaijaribu, ilikuwa imezidi upande mmoja, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Nikairudisha, nikaigusisha tu, nikaitoa. Nikaibonyeza kwenye fremu, ikaingia.

Kinyozi aliivaa, akajitazama kwenye kioo, akamlipa Tajiri na kukimbia kwenda kumalizia upande wa pili wa yule mtu. Nilipogeuka nilimkuta Bwana Mita amesimama na tochi yake inawaka, mchana kweupe. Nikamwambia aizime, anamaliza betri.

Jioni tulirudi kwa miguu.

"Ile ya mwisho," akasema, "ulijuaje kwamba imezidi?"

"Niliisikia."

"Hukuipima?"

"Napima mwanzo. Mwisho nasikia."

Tukavuka barabara. Alinishika kiwiko tulipokuwa tunavuka, na tulipofika upande wa pili hakukiachia.

"Mita mbovu," akasema, "na mimi nilikuwa naisikia kabla sijafunua kifuniko."

Mwezi ulikuwa umebakiza siku chache. Asubuhi moja alivaa viatu, akakaa mbele ya kompyuta, na hakusoma kitu kwa sauti. Nilitoka bafuni kuangalia. Saruji ilikuwa nyekundu, imeshuka tangu juzi. Kama angetaka kungoja kijani angengoja, na mimi ningekosa chumba. Alichukua simu, akampigia dalali. Nilisikia yule kijana upande wa pili anavyosita kuitikia.

"Usiogope, leo sikukamati," mume wangu akamwambia. "Uza saruji."

Kijana akamwambia jambo.

"Naona kwamba imeshuka. Nina macho, mke wangu ni fundi miwani. Uza."

Akaweka simu mezani. Nilitaka kumwambia asante, nikamwambia chai inapoa.

Siku tuliyomlipa Tajiri nilirudi na ufunguo mfukoni, nikaushika usiku kucha kama kichaa. Asubuhi yake mume wangu aliniita niende nione. Pesa zilikuwa zimetoka benki, na mstari kwenye kioo ulikuwa umeanguka wima, mrefu, mwekundu, kama alivyonichorea kwa kidole. Alikuwa amekaa mbele yake, mikono juu ya magoti.

"Imerudi nyuma," akasema.

"Imerudi," nikasema.

Akabonyeza "ongeza mali". Programu ikaanza kumuuliza maswali, naye akajibu kwa kidole kimoja. Aina ya mali: biashara. Jina: duka la miwani, maana jingine sikuwa nimelifikiria. Thamani ya sasa: aliandika tulicholipa mpaka senti ya mwisho. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeshavaa, mkoba begani, nimechelewa kwenda kufungua. Ndipo likatokea swali la mwisho, ambalo mimi nilikuwa sijui kama lipo. Kiwango cha hatari: ndogo, wastani, kubwa.

"Hili ni la nini?"

"Wanataka kujua mali hii ina hatari kiasi gani ya kupotea. Kila kitu chetu nimekijibia."

"Nionyeshe."

Akanionyesha. Saruji iliyobaki alikuwa ameiandikia kubwa. Mfuko wa pamoja, kubwa. Benki, ile yenye walinzi na milango ya chuma, kubwa. Hatifungani za serikali, ambazo dunia nzima inaziita usingizi wa mtoto, alizipa wastani. "Serikali nimeifanyia kazi," akasema. "Naijua." Katika orodha nzima hapakuwa na ndogo hata moja.

Nikaona bora niwahi kabla hajaniwahi. "Weka kubwa," nikamwambia. "Biashara mpya, chumba cha kupanga, mashine nzee, fundi mwenyewe umri umekwenda. Mimi sikasiriki."

Huo ulikuwa uongo, nilikuwa nimeshaanza.

Aliusogeza mshale taratibu, ukapita kubwa, ukapita wastani, ukasimama. Akabonyeza ndogo.

"Umekosea," nikasema. "Umebonyeza siyo."

"Sijakosea."

"Baba watoto, hata benki umeiandikia kubwa."

"Benki siijui," akasema. "Wewe nakujua."

Nikamwambia abonyeze hifadhi kabla umeme haujakatika. Akabonyeza, na mimi nikatoka kwenda kufungua duka langu, nimechelewa, nalia njia nzima na watu wananiangalia.